Nyumba ya Mgeni Gangilonga: Kwa Nini Jina la Shemeji Halitoshi

Sheria ya Tanzania Bara haimruhusu mtu asiye raia kununua ardhi ili ajenge na kuishi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 kinasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hata hivyo, ukipita Gangilonga na Wilolesi pale Iringa, au ukipanda Uzunguni na Forest hapa Mbeya, utaonyeshwa nyumba ya Mzungu fulani, ya mhandisi fulani kutoka Asia, ya daktari aliyekuja na shirika akabaki. Wanaokuonyesha hawasemi kwamba amepanga. Wanasema amenunua. Ukienda kupekua kwa Msajili wa Hati, jina utakalolikuta ni la shemeji, la mchungaji, la dereva wa zamani, au la binti aliyekuwa akipika pale nyumbani.

Naandika zaidi kwa ajili ya hao wenye majina kuliko kwa ajili ya mgeni. Mambo yakiharibika, mgeni hupoteza fedha, tena wakati mwingine fedha nyingi, kisha hupanda ndege pale Songwe na kurudi kwao. Aliyeazimisha jina hubaki na kesi, na watoto waliogombana, na majirani wanaomtazama kama tapeli. Msimamo wangu nauweka mapema: sheria inayomzuia mgeni kumiliki ardhi ni sahihi, na sitaki ilegezwe. Kinachokosekana ni njia ya wazi na ya heshima ya kumwezesha mgeni kuishi kwetu miaka mingi bila kununua. Kwa kuwa njia hiyo haijawekwa wazi, watu wamejichongea ya kwao gizani.

Mgeni anayetoka Ulaya au Marekani huja na mazoea ya kwao, ambako mtu ananunua nyumba na ardhi iliyo chini yake ikawa yake na vizazi vyake. Hapa hata raia hana kitu cha namna hiyo. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Anachopewa raia ni haki ya kukaa na kuitumia kwa muda uliotajwa, miaka 33, 66 au 99, kwa masharti, huku akilipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kwa hiyo mgeni anapomwambia dalali anataka kununua moja kwa moja, anaomba kitu ambacho hata mwenyeji aliyezaliwa Kihesa hana.

Na sisi wa nyanda za juu kusini tuna sababu yetu ya kuishikilia sheria hiyo. Baridi yetu na rutuba yetu ndizo zilizowavuta walowezi zamani: chai ya Mufindi, tumbaku ya Iringa, kahawa ya Mbozi. Milki za kudumu zilizoanzia enzi za Wajerumani ziligeuzwa mwaka 1963 kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka 1969 zikaingizwa katika utaratibu wa haki ya kutumia ardhi. Baadaye, mwaka 1991, iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ikafuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha sheria mbili za mwaka 1999, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001. Katazo la kuuzia wageni limepita katika mjadala mrefu wa nchi nzima. Halikuzuka ofisini kwa mtu mmoja.

Litazame kwa hesabu ya kawaida. Mstaafu aliyeuza nyumba ndogo katika mji wa Ulaya anaweza kuja na fedha ambazo mwalimu wa sekondari hapa hatazipata kwa mshahara wa maisha yake yote. Wakikutana kwenye kiwanja kimoja Isyesye hapa Mbeya au Mwangata kule Iringa, mwalimu ameshindwa kabla mazungumzo hayajaanza. Wakija wastaafu mia, bei ya viwanja haitarudi chini hata wakiondoka, na mtoto wa yule mwalimu atajenga mbali zaidi, kwenye mteremko zaidi, pasipo na barabara. Sina chuki na mgeni. Kuna wageni walioishi Tosamaganga na Tukuyu miaka mingi, wanaongea Kihehe na Kinyakyusa kutuzidi vijana wetu, na ningependa wazeeke hapa. Lakini soko la ardhi halitofautishi mgeni mwema na mlanguzi, na ndiyo maana kazi hiyo imeachiwa sheria.

Sasa tuangalie jina la kuazima linavyofanya kazi, maana wengi wanaliingia bila kulielewa.

Nimewahi kushika hati ya mauziano ya namna hiyo. Ilikuwa karatasi mbili zilizobanwa pini, na muhuri wa ofisi ya mtaa umegongwa mara tatu, mmoja umepanda juu ya mwingine. Majirani wa pande nne walitajwa kwa majina, na upande wa mashariki kiwanja kilipakana na njia ya maji. Mashahidi walikuwa sita, wawili kwa dole gumba. Maandishi yote yalikuwa ya mwandiko mmoja na kalamu moja ya bluu, isipokuwa mstari wa jina la mnunuzi. Huo ulijazwa kwa kalamu nyeusi, mwandiko mwingine, jina la kaka wa mke wa mgeni. Aliyelipa hakutajwa popote. Alikuwa na karatasi yake nyingine ya pembeni, iliyoandikwa kwa lugha ya kwao, inayosema kaka huyo anamshikia tu.

Karatasi ile ya pembeni ndiyo inayomponza. Sheria yetu ya mikataba iko wazi kwamba makubaliano yenye lengo linalokatazwa na sheria ni batili. Mgeni akienda mahakamani na karatasi hiyo, amejipeleka mwenyewe na ushahidi kwamba alikusudia kukwepa sheria ya ardhi. Akiificha, hana kitu kinachomuunganisha na nyumba. Njia zote mbili zinaishia pabaya, na wakili mkweli atamwambia hivyo siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba wengi huonana na dalali kwanza, na dalali hulipwa siku ya mauzo, hana haja na yatakayotokea miaka kumi baadaye.

Mwenye jina naye hayuko salama. Kodi ya ardhi inadaiwa kwake. Akitaka kukopa benki na akataja mali zake, nyumba ile inahesabika au anaificha, na kuificha ni kosa lingine. Akiugua na kufariki, msimamizi wa mirathi anaorodhesha kila kilichoandikwa kwa jina la marehemu, na watoto wake hawana habari ya makubaliano ya mdomo kati ya baba yao na mgeni. Mke wake naye, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ana haki ya kusikilizwa kuhusu mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Ndoa ikivunjika, ile nyumba iko mezani. Nimeona ndugu waliokula sahani moja wakikutana kwenye korido ya Baraza la Ardhi na Nyumba bila kusalimiana, kwa sababu marehemu hakusema na mgeni hakuandika.

Wengine husema wao wako salama kwa sababu wameoa au wameolewa hapa. Ndoa haibadilishi uraia siku ya harusi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanaume mgeni aliyeoa Mtanzania anapita njia ya kawaida: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, kisha aukane uraia wa kwao. Mpaka hapo, nyumba iliyonunuliwa kwa jina la mke ni ya mke. Na hilo si baya. Kama ndoa ni ya kweli, nyumba ya mke ni nyumba ya familia, na mume anayo haki ya mwanandoa juu ya nyumba ya kuishi: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinazuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kuweka zuio kwa Msajili. Ulinzi huu ni halali na unafanya kazi. Namshauri bwana mgeni autumie huo, aache kuandikisha nyumba kwa shemeji eti kwa sababu hamwamini mkewe. Mtu asiyemwamini mkewe na akamwamini kaka wa mkewe hajafikiri vizuri.

Kuna wanaokimbilia jina la mtoto. Mtoto wa Mtanzania na mgeni anaweza kuwa na uraia wa pande zote akiwa mdogo, lakini akifika miaka 18 sheria inamtaka achague. Akichagua pasi ya upande wa pili kwa sababu ya chuo au kazi, mnarudi palepale mlipoanzia, isipokuwa sasa mwenye tatizo ni kijana wa miaka 19 aliyepewa mzigo bila kuulizwa. Wazazi wanaofanya hivi huwa wanampenda mtoto. Wanasahau tu kwamba wamemfungia uamuzi wa maisha yake ndani ya hati ya kiwanja.

Na hapa nafika kwenye sehemu inayoniuma zaidi. Dada aliyezaliwa Tukuyu, akasoma uuguzi, akaenda Uingereza, akafanya kazi za usiku miaka mingi, akachukua uraia wa kule ili aache kuhangaika na viza, ameupoteza wa Tanzania, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mbele ya kifungu cha 20 kama kilivyoandikwa mwaka 1999, anasimama foleni moja na mtu aliyeshuka Songwe jana kwa mara ya kwanza. Mama yake yuko hai, migomba ya baba yake iko palepale, na yeye anaambiwa ni mwekezaji au si kitu. Muswada uliopelekwa bungeni mwaka 2024 ulilenga kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje wapewe hadhi maalum itakayowawezesha kupata ardhi. Nauunga mkono mwelekeo huo kwa moyo wote. Hoja niliyoitoa juu ya mwalimu na mstaafu haimhusu dada huyu kwa kiasi kilekile. Yeye anarudi kwao.

Lakini ninamsihi, na wote walio kama yeye, asitume hata shilingi ya kiwanja kabla ya kushika karatasi ya hadhi hiyo mkononi. Mazoea ya ndugu zetu walio nje ni kutuma fedha kwanza na kuuliza baadaye. Fedha inatumwa kwa kaka, kaka ananunua kwa jina lake, anapeleka picha za msingi, kisha picha za kuta, kisha picha zinapungua. Mara nyingine kaka si mwizi. Amenunua kweli, amejenga kweli, na pagale lipo. Ila kisheria ni lake, na siku akifa ni la watoto wake. Wewe uliye nyumbani na umeshika kiwanja cha dada, kaa naye mwandike mbele ya wakili fedha ilitoka kwa nani na kwa makusudi gani, na kama bado hajabadili uraia, hati iandikwe kwa jina lake kabla hajabadili. Usingoje akuulize.

Kuhusu uwekezaji nitasema kwa ufupi. Njia ipo na ni halali: mgeni au kampuni yake anasajili mradi, na ardhi hutolewa kwa mradi huo kupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo zamani ilikuwa Kituo cha Uwekezaji (TIC) na mwaka 2025 ikaunganishwa na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, kuwa TISEZA. Kampuni ambayo wengi wa wanahisa wake si raia huhesabika kuwa si raia, kwa hiyo kuanzisha kampuni peke yake hakumsaidii mtu. Mwenye nia ya kweli ya kujenga hoteli Matema au kiwanda cha parachichi Njombe aifuate njia hii. Anayetaka vyumba vitatu na bustani ya kupumzikia uzeeni asijifanye mwekezaji. Atatakiwa kuonyesha mradi, na hana.

Kwa ardhi ya kijiji hali ni ngumu zaidi. Wageni hupenda sana vijiji vyetu, ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela, mabonde ya Mufindi, miinuko ya Makete, na uongozi wa kijiji unaweza kumkaribisha mtu kwa moyo mweupe na kumwonyesha ekari tatu. Moyo mweupe hauwapi mamlaka. Asiye raia hawezi kupewa haki milki ya kimila, na kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla ni utaratibu unaofika hadi kwa Rais. Aliyejenga kwa baraka za mkutano wa kijiji pekee amejenga kwa hisani ya mwenyekiti aliyepo, na mwenyekiti anaweza kubadilika kila uchaguzi. Mgeni anayeona masharti haya ni magumu mno anaweza kuangalia Zanzibar, yenye sheria zake za ardhi, ambako wageni huruhusiwa kununua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa. Huko atapata bahari. Hatapata ukungu wa Rungwe.

Anayetaka ukungu, apange. Nasema hivyo nikijua kwamba kwa wengi kupanga kunaonekana kama kushindwa maisha. Kwetu hapa mtu akipanga hadi uzeeni anasemwa, na mgeni naye ameambiwa kwao tangu utoto kwamba kodi ni fedha iliyopotea. Hebu tupige hesabu. Tuseme nyumba nzuri Forest inapangishwa shilingi laki sita kwa mwezi. Miaka kumi ni milioni 72. Tuseme nyumba ya aina hiyo inauzwa milioni 150. Aliyepanga, miaka kumi ikiisha, bado anazo milioni 78 zilizobaki, pamoja na chochote ambacho fedha hiyo ilizalisha ikiwa mahali salama. Aliyenunua kwa jina la mtu anayo nyumba ambayo hawezi kuiuza, hawezi kuirithisha, na hawezi kuidai. Na tukumbuke kwamba mgeni mwenyewe anaishi hapa kwa kibali. Cha kazi hutolewa kwa miaka miwili na kuongezwa kwa kikomo, na cha ukaazi kina muda wake. Mtu ambaye ruhusa yake ya kuishi nchini inahesabiwa kwa miezi hana sababu ya kufunga akiba ya maisha yake yote kwenye kuta ambazo haziko kwenye jina lake.

Na kupanga kwenyewe kunahitaji akili ya kuchagua, pengine kuliko kununua. Nyumba za huku zina mambo yake. Mbeya iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mgeni anayekuja kutazama nyumba mwezi Oktoba, jua likiwaka na mijakaranda imechanua, anaondoka anaamini hii ni nchi ya majira ya kuchipua mwaka mzima. Aje Julai, aingie chumba cha upande wa kusini saa moja asubuhi, akanyage sakafu kwa miguu mitupu. Nyumba za zamani za Uzunguni zina mahali pa kuotea moto, na si pambo. Aulize kama bomba la moshi bado linapitisha au ndege wamejenga. Kisha arudi Machi, mvua ikiwa imekolea. Afungue makabati ya ukutani na kunusa. Atazame dari za mbao pembeni, pale bati linapokutana na ukuta, kama kuna mduara wa rangi ya chai. Atazame ukuta wa nje usawa wa magoti. Tofali za kuchoma zilizojengwa bila msingi wa mawe wa kutosha hunyonya maji, rangi huvimba na kumomonyoka, na mwenye nyumba hupaka upya kila kabla ya mpangaji mpya. Rangi mpya sana chini na iliyochakaa juu ni habari tosha.

Mteremko nao usipuuzwe. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka pale Itezi, ukafukia nyumba za watu na kuharibu shule. Sote tuliokuwa Mbeya tunakumbuka. Mandhari ya juu ya mji ndiyo mgeni anayoitafuta, na ndiyo mahali pa kuuliza maswali mengi zaidi: miti ya juu ya nyumba ilikatwa lini, maji ya mvua yanapita wapi, mtaro ni wa nani. Majirani watasema ukweli kama utakaa nao na kunywa chai. Iringa swali la kwanza ni upepo, hasa Agosti na Septemba, na mabati yaliyopigiliwa kienyeji hujitambulisha usiku. Tukuyu swali ni mvua yenyewe, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kule nguo haikauki na vitabu huota ukungu, na anayependa kijani kile akipokee na unyevu wake.

Mzee aliyestaafu aongeze swali la hospitali. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na Makete watu husafiri kutoka mbali kwenda hospitali ya Ikonda. Nyumba nzuri mno iliyo saa tatu za barabara ya vumbi kutoka kwa daktari inafaa mtu wa miaka 40. Wa miaka 70 aipende kwa macho tu.

Mkataba ndio unaobeba kila kitu. Kwa sheria ya ardhi, ukodishaji wa mwaka mmoja au pungufu ni wa muda mfupi. Ukizidi hapo, uandikwe vizuri na upelekwe kusajiliwa, uonekane kwenye hati ya nyumba, ili nyumba ikiuzwa au mwenye nyumba akifariki mpangaji asifukuzwe kama mtu aliyeingia kwa dirisha. Kabla ya kusaini, upekuzi ufanyike kwa Msajili: nani mwenye hati, kuna rehani ya benki, kuna zuio. Mke au mume wa mwenye nyumba asaini pia. Kodi iandikwe kwa shilingi; kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na baadhi ya wenye nyumba bado wanataja dola kana kwamba hawajasikia. Iandikwe pia nani anabeba kodi ya jengo, maana tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa bila kujua, kumbe ni ya mwenye nyumba. Na matengenezo. Mgeni mara nyingi hutaka kubadili jiko, kuweka tanki, kuchimba kisima. Kila moja itajwe bei na ikatwe kwenye kodi kwa miezi fulani, kwa maandishi, kabla fundi hajafika. Mwenye nyumba anafurahi kuona kisima, mpangaji hadai kisichodaika.

Serikali inaweza kufanya mengi hapa kwa gharama ndogo. Sheria iseme waziwazi kwamba asiye raia anaweza kukodi nyumba ya kuishi kwa miaka, tuseme hadi kumi, katika maeneo ya mijini yaliyopimwa, bila kupitia mlango wa uwekezaji na bila kugusa ardhi ya kijiji. Fomu iwe moja, ya Kiswahili, inayosajilika kwa Msajili wa Hati. Mwalimu wangu wa Mwangata akiwa na nyumba ya pili ataipangisha kwa mstaafu, atasomeshea watoto, na kiwanja kitabaki chake. Halmashauri nazo ziache kufumbia macho mihuri ya mitaa kwenye mauziano ambayo kila aliyekuwepo anajua mnunuzi ni nani.

Walio tayari ndani ya mtego, wenye nyumba kwa jina la mtu, wasingoje mmoja afe. Wakae mgeni, mwenye jina na mke au mume wa mwenye jina mbele ya wakili ambaye hakuandika karatasi za mwanzo. Nyumba itambulike kuwa ya raia ambaye jina lake liko kwenye hati, na wakili awaonyeshe kama fedha iliyotolewa inaweza kugeuzwa kuwa kodi iliyolipwa mapema, kwa miaka inayokubalika, kwa mkataba wa upangaji unaosajiliwa. Mgeni atapoteza sehemu, hilo asidanganywe, lakini atalala kwenye nyumba hiyo kwa haki inayoonekana. Mawakili wa kazi hiyo wapo Mbeya na Iringa, na wakati mzuri ni kabla kibali cha ukaazi hakijaisha, kwa sababu mgeni akishatoka nchini kila sahihi yake itahitaji kuthibitishwa huko aliko na kutumwa, na mwenye jina hatakuwa na haraka tena.